Sasisho la Mwisho la Usalama

1 Juni, Jumapili

Kikundi kimekutana nyuma ya kanisa baada ya misa. Mimi Eusebius, katibu, nimepewa kazi ya kupima kwa simu mashamba yote thelathini na saba ya wanachama kabla ya jioni ya tarehe 31 Julai. Mnunuzi wetu safari hii haridhiki kuionja kahawa. Anataka kuona kwenye ramani kila shamba lilipo, ili huko kwao asiambiwe kwamba anakunywesha watu kahawa ya msitu uliokatwa. Na kwa kuwa kahawa yetu wote tunaimenya kwenye mtambo mmoja na kuiosha kwa maji mamoja, shamba moja lisipoonekana mzigo wote unakataliwa. Mwenyekiti Urbani amelisema hilo mara tatu. Mara ya tatu alikuwa ananitazama mimi.

Sikuchaguliwa kwa akili. Nimechaguliwa kwa kuwa nina simu kubwa. Niliinunua Songea miaka mitatu iliyopita, mpya, ndani ya boksi lake, na ile nailoni ya kiooni sijaibandua hadi leo. Restituta, mke wangu, anasema katika Mkumbi nzima hakuna mwanaume mwingine aliyeivalisha simu koti la mvua.

3 Juni

Ukungu hadi saa tano. Mashamba mawili.

4 Juni

Mashamba matatu. Kwa Valence nimetumbukia kwenye ngolo, yale mashimo tunayochimba mteremkoni maji yasichukue udongo. Mkono wenye simu ulibaki juu, mwili wote chini. Valence alipofika aliuliza kwanza kama simu ni nzima.

10 Juni

Aliyetengeneza programu hii ya kupimia mashamba hajawahi kufika Umatengo. Inaagiza: "Simama kwenye kona ya kwanza ya shamba." Kona ipi? Huku ardhi ni ntambo, mgongo mzima wa mlima kati ya vijito viwili, nyumba katikati, kahawa kuizunguka, na ukoo unaurithi kutoka maji hadi maji. Ntambo hauna kona kama vile ng'ombe hana kona. Nimebuni ujanja: natembea kijito hadi kijito na kila hatua hamsini nabonyeza kona. Shamba la Vitalis limetoka na kona kumi na tisa. Ameomba nimchapishie aliweke ukutani.

19 Juni

Ishirini na moja yameshapimwa na kutumwa. Nilianza kujiona mtaalamu, na hilo ndilo kosa langu. Asubuhi nimefungua programu, ikaniambia: "Programu hii haitumiki tena kwenye toleo la mfumo wa simu yako. Tafadhali sasisha simu."

Haya, nikasema, tusasishe. Nikaingia kwenye mipangilio. Simu ikafikiri kwa muda, kale kaduara kakizunguka kama punda wa kinu, kisha ikaniandikia kwa furaha: "Simu yako imesasishwa. Hakuna sasisho jipya."

Nikarudi kwenye programu. Sasisha. Nikarudi kwenye simu. Imesasishwa. Nimekwenda na kurudi hivyo hadi chai ikapoa, kama mtu anayetumwa dirisha namba tatu na namba tano za ofisi moja.

20 Juni

Sasisha. Imesasishwa.

21 Juni

Nilikwenda mtambo wa kumenyea, siku ya foleni kubwa, nikimtafuta mtu wa kunisaidia. Urbani akavaa miwani yake, akaichukua simu, akaingia mahali nisipowahi kuingia. Huwa hasomi kimoyomoyo, maana alikuwa msoma masomo kanisani miaka mingi. Akasoma kwa sauti ileile ya waraka kwa Wakorintho: "Sasisho la mwisho la usalama: Agosti 2021."

Ndoo zikawekwa chini.

"Usalama upi?" mtu mmoja akauliza.

Nikajaribu kueleza kwamba ni usalama wa simu yenyewe, lakini Valence alishapata nafasi yake. "Jamani, kumbe Katibu alikuwa mtu wa usalama. Wamemwacha tangu ishirini na moja, na hajatuambia."

Wakacheka, na mimi nikacheka. Niliona ni utani mzuri.

24 Juni, Jumanne

Mbinga mjini kwa Modest, fundi simu wa karibu na stendi. Ni mtu mzima, mpole, mwenye sauti ya daktari. Ameigeuza simu, ameandika namba zake kwenye ya kwake, kisha akanipa habari kidogokidogo, kama kwa ndugu wa mgonjwa.

Simu ya aina hii, amesema, ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 2018. Walioitengeneza waliahidi kuitunza miaka mitatu: kuiletea matoleo mapya ya mfumo na kuziba matundu ambayo wezi hupitia. Miaka mitatu ikaisha 2021, wakafunga kitabu.

"Lakini mimi nimeinunua 2022," nikamwambia. "Ilikuwa mpya. Ina nailoni."

"Mpya kwako, mzee wangu. Miaka hawaihesabu tangu siku uliyonunua wewe. Wanahesabu tangu siku waliyoitoa wao."

"Kwa hiyo niliuziwa maiti?"

Akafikiri kwa heshima. "Hapana. Mgonjwa aliyeruhusiwa nyumbani."

Nilimuuliza kwa nini basi inaniambia imesasishwa. Akasema haidanganyi: imepokea yote iliyokusudiwa kupokea. Hakuna jingine litakalokuja, ndiyo maana hakuna jipya. Nimeyafikiria maneno hayo njia nzima ya kurudi, na kila kilomita yamezidi kuniudhi. Mtu anakuahidi miaka, kalenda anaishika mwenyewe, na siku ya kwanza ya kuhesabu wewe hukuwepo. Nami niliyekuwa nikiipangusa kwa kitambaa cha miwani.

27 Juni

Utani wa Valence umeota miguu. Leo kilabuni Vitalis alikuwa akiisema vibaya barabara yetu. Nilipoketi akaanza kuisifia. Mzee mmoja amenipisha kiti. Nimekunywa nusu nikaondoka, maana kukaa na watu wanaokukubalia kila neno kunachosha kuliko kupalilia.

30 Juni

Bado mashamba kumi na sita. Nimepita kuwaarifu wenyewe kwamba nitachelewa, nikafika hadi kwa Bibi Kunigunda, ntambo wa mwisho chini ya mipaini. Ni mjane wa miaka sabini na minne, kahawa yake ndiyo iliyotuletea huyo mnunuzi, na ulimi wake ni wa kumenyea pia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sogea pale kwenye mwanga nikuone. Ni Eusebi huyu, au yule mwingine?"

Nikauliza yule mwingine ni nani. Akasema hata yeye angependa kujua. Kisha akanipa kiazi cha moto na jibu moja: shamba lake halipimwi. Nilimweleza habari ya mnunuzi, ya mtambo, ya mzigo mzima. Alisikiliza vizuri sana, akaniongezea kiazi, na shamba likaendelea kutopimwa.

Hawa vikongwe wetu ni kama kufuli ambalo ufunguo wake umemezwa. Restituta anasema nisiandike hivyo. Nimeshaandika.

5 Julai, Jumamosi

Nimeteremka Lundo kwa shemeji Damiano, kaka yake Restituta. Ukitoka kwenye baridi yetu ukashuka hadi ziwani, unavua koti Tingi, sweta njiani, na ukifika unatamani kuvua na ngozi. Damiano ananunua usipa, dagaa wa huko, kwa wavuvi, anakausha, anapandisha Mbinga, na kwa biashara hiyo ana simu ya mwaka jana.

Nilimwomba aniazime hadi mwisho wa mwezi. Alinitazama kama niliyeomba mtumbwi siku ya usipa wengi. Mwishowe dada yake akamwomba kwa simu, wakazungumza Kimatengo cha utotoni ambacho mimi mume hunyimwa, na tukabadilishana: yake kwangu, yangu kwake kwa ajili ya kupigia tu.

"Hii yangu wameniandikia masasisho ya usalama hadi 2030," akaniambia akiifuta mkononi. "Kwa hiyo irudi ikiwa hai, shemeji."

Programu imefunguka mara moja, nusura nimkumbatie. Simu inanuka usipa. Paka wetu hajaniacha tangu nifike.

9 Julai

Mashamba mawili. Paka amenifuata hadi kwa Vitalis.

12 Julai

Ukungu. Simu: "Inatafuta mahali ulipo." Na mimi pia.

17 Julai

Matatu. Goti la kushoto linalia kama mlango wa stoo.

22 Julai

Thelathini na sita. Limebaki moja.

23 Julai, Jumatano

Kikao kwenye mtambo. Nimesoma ripoti yangu. Urbani amenishukuru, kisha akasema kwa upole wake wa kanisani kwamba hatuwezi kumsubiri mtu mmoja tukapoteza msimu. Amependekeza kwamba ifikapo jioni ya tarehe 31 Bibi Kunigunda akiwa bado hajakubali, atolewe kikundini. Kahawa yake aimenye mwenyewe nyumbani na kuitafutia mnunuzi wake. Ile aliyokwisha kuileta haijamenywa na nyingine tangu tarehe moja, imewekwa kando, atarudishiwa.

Ilikuwa hesabu sahihi. Watu wakanyoosha mikono. Kunigunda ndiye aliyetoa eneo tulipoujenga mtambo huu, ukiacha kwamba ndiye aliyewafundisha nusu ya hao wenye mikono kuchagua kahawa mbivu tupu. Nilisubiri mtu aseme. Nikakumbuka kwamba mimi pia ni mtu, nikainamia daftari, nikaandika: azimio limepita.

Sijisikii vizuri leo.

26 Julai, Jumamosi

Nimekwenda kwake bila kuitwa. Nilimkuta anageuza kahawa kwenye kitanda cha kuanikia, nami nikaanza kugeuza upande wa pili, maana ni rahisi kuzungumza mikono ikiwa kazini. Nikamwambia wazi: mama, wanataka kukutoa, na mimi nilikuwepo nikakaa kimya.

"Najua," akasema. "Ulikaa kimya vizuri, nilikusikia mpaka huku."

Nikamwuliza kwa nini hataki. Alitoa punje tatu mbovu kabla hajajibu.

Alikuwa na watoto wanne tayari, alisema, walipokuja watu na mashine ya manjano yenye miguu mitatu. Walikuwa na adabu. Aliwapikia kande. Mumewe, marehemu Tadea, aliwashikia kamba siku nzima, kwa kuwa waliambiwa upimaji ni kwa ajili ya usalama: chemchemi zisikauke, wezi wa mbao wasipande. Nani akatae usalama? Waliweka mawe yenye rangi. Mwaka uliofuata ukapandwa mstari wa mipaini chini ya pale mawe yalipokuwa, na sehemu ya juu ya ntambo, yenye mibuni mia mbili ya Tadea, ikawa ya msitu. Walipokwenda kuuliza waliambiwa mwenyewe alishika kamba.

"Hakunielewesha mtu," akasema. "Tadea alikufa akijiona yeye ndiye aliyeigawa."

Miaka yote tumekuwa tukimwita mkaidi, na mimi nimemwita kufuli.

Nikajaribu kumweleza kwamba usalama ulioandikwa kwenye simu ni neno tu, watu wa simu wamelitafsiri hivyo, maana yake ni kuziba matundu wezi wasiingie.

"Hata wale walisema wezi."

Halafu yeye akauliza, kwa makini kabisa, kuhusu ile simu yangu ya kwanza. Alisikia kwamba ilikuwa imeachwa na usalama. Ni kweli? Nikasema ni kweli, tangu 2021.

"Basi lete ile. Ile iliyoachwa nitaikubali."

"Ile haiwezi kupima tena, mama. Ndiyo sababu ya kuazima hii."

"Na hii ina usalama?"

"Hadi 2030."

"Kwa hiyo yenye usalama ndiyo inayopima," akasema, "na isiyo na usalama haipimi." Akaendelea kugeuza kahawa. "Wewe ni msomi, Eusebi. Jisikilize."

Nimejisikiliza njia nzima. Nimetafuta kosa kwenye hoja yake na sijaliona.

28 Julai

Mvua nyembamba, isiyo ya msimu. Watu wamekimbilia kahawa kufunika. Urbani amenitumia ujumbe: "Vipi kule juu?" Sijajibu.

30 Julai

Damiano amepiga kwa simu yangu. Inazima yenyewe kila anapotaja bei ya usipa. Anataka yake kesho kutwa. Nimemwambia sawa.

31 Julai, Alhamisi

Saa mbili asubuhi Bibi Kunigunda alikuwa amesimama uani kwetu, kitenge cha kanisani, mabuti ya mvua, panga mkononi. Restituta alimkaribisha chai, akakataa. Aliniambia nimpe simu.

"Nitapima mwenyewe. Safari ile alishika kamba mwanaume wangu, mashine wakashika wengine. Leo mashine nashika mimi. Wewe nifuate, unionyeshe pa kubonyeza."

Nikamfuata. Alianzia kwenye kijito cha chini, akiibeba simu kwa mikono miwili kama sahani ya mchuzi, na kila hatua hamsini alisimama akaninyooshea nimwonyeshe, akabonyeza mwenyewe kwa kidole gumba chenye utomvu wa kahawa. Hakuna kona hata moja niliyoibonyeza mimi. Goti langu liliomba kupumzika, lake halikuomba. Alinitania kwamba kama watu wa usalama wote wanapumua hivi, nchi iko salama.

Tulipoufikia mstari wa mipaini nilidhani atageuka. Hakugeuka. Akapenya.

Sikuwahi kufika kule. Gizagiza, sindano kavu chini, hakuna ndege. Na katikati ya mipaini, mibuni. Imerefuka kutafuta jua, myembamba kama fimbo za uvuvi, haijakatwa matawi miaka thelathini na zaidi, lakini juu kabisa ina kahawa nyekundu. Akaihesabu mistari kwa kidole bila kusema. Akaenda hadi jiwe moja kubwa lenye ufa, akasimama juu yake, akabonyeza. Kisha akatelemka kwa kijito cha pili hadi tulipoanzia, mviringo ukafunga.

Programu ikawa nyekundu. "Eneo hili linaingiliana na hifadhi ya msitu. Rekebisha mpaka."

Saa tisa na nusu. Mwisho wa kutuma saa kumi na mbili.

Naandika hili kwa sababu ni kweli: nilijua jinsi ya kulifuta lile pembe la juu. Vidole viwili tu. Yeye hasomi herufi ndogo, ningemwambia tayari, na kikundi kingepona na yeye akabaki mwanachama. Kidole kilishafika. Lakini nilikuwa nimeshakaa kimya mara moja mwezi huu.

Nikamsomea maneno yote, kama yalivyo.

Akaketi juu ya gogo, simu mapajani. Alichuma punje moja mbivu kwenye mbuni wa karibu, akainyonya, akatema kokwa. Nilidhani atanirudishia simu na mambo yaishe hapo, na nisingemlaumu.

"Wengine thelathini na sita," akauliza, "wote ni kijani?"

"Wote, mama."

"Hata Urbani?"

"Hata Urbani."

"Na kahawa yake ni mbichi nusu." Akainuka. "Twende tena."

Tukazunguka upya, kijito hadi kijito. Safari hii hakutania. Kwenye mstari wa mipaini alisimama, mti wa kwanza ukiwa umbali wa mkono. Akabonyeza, hakugeuka. Alikuwa akitazama juu.

"Andika," akaniambia. "Kama ina pa kuandika."

Ilikuwa nayo, kisanduku kidogo chini, Maelezo ya ziada. Aliyatamka polepole ili nisikose. Nikaandika hadi herufi zikagoma. Nikajaribu kufupisha, nikaondoa neno, ikagoma tena. Kilichoingia ni hiki: "Mwenye shamba anasema hapa amesimama tu". Nikamwambia kisanduku kimejaa. Akasema kitajaaje na hajamaliza, akaendelea hadi mwisho, nami nikamwambia yameandikwa.

Saa kumi na moja na dakika arobaini, juu ya mgongo wa mlima mtandao unapokamata, shamba la thelathini na saba limekwenda. Kijani. Yeye alishateremka kugeuza kahawa yake.

Maneno yake yote nayaandika hapa, kwa kuwa nilimwambia yameandikwa:

"Mwenye shamba anasema hapa amesimama tu, hajafika mpaka. Mpaka ni jiwe lenye ufa, juu, kwenye kahawa ya Tadea. Tadea alishika kamba, hakugawa. Ameyasema Kunigunda akiwa na akili zake, simu ikiwa mkononi mwake."